Kamba Mkononi mwa Wifi

6 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha salama. Huku hatujambo, mvua ni za asubuhi tu, zikinyesha zinatuacha na ukungu mpaka jua likomae. Binti yenu huko chuoni msalimie, mwambie asome, na mwambie shangazi yake anamwombea kila siku, hata siku ambazo hajibu.

Mgonjwa wetu, mume wako, amefika. Nilimpokea kituoni mwenyewe. Alishuka kwenye basi ameshika mlango, akashika nguzo, halafu akanishika mimi bega, na njia nzima mpaka hapa alitembea kama mtu anayekanyaga godoro. Nilimuuliza kinamuuma nini, akasema hakuna kinachouma, ila ardhi haitulii. Daktari wenu ameeleza vizuri kwenye ile karatasi, kwamba alipoanguka na ngazi ya kupakia rangi, kile kitu cha ndani ya sikio kinachouambia mwili wapi ni juu na wapi ni chini kiliumia, na hakina dawa, mwili wenyewe ujifunze upya. Sawa. Mwili wa mdogo wangu haukuwahi kuwa mvivu.

Unajua hapa kazi yangu ni kufagia mabanda ya farasi na kushona mablanketi yao. Wenye pesa zao wanakuja kujifunza kupanda. Anayewafundisha ni binti mmoja mkali, tunamwita Kapteni, anatembea na kijiti mdomoni na hacheki na mtu. Alimwona mdogo wangu akivuka uwanja huku anapapasa ukuta. Akamtazama mpaka mwisho wa ukuta, akatoa kijiti, akaniambia, "Huyo kesho mlete kwa Shangazi. Bila tandiko."

Shangazi ni farasi jike, wa kijivu, ameshaota mvi puani. Wanamwita hivyo kwa sababu anapenda kusalimiwa kwanza. Usinicheke; siku binti yenu akija hapa na kuita, tutageuka wawili.

Simu huku inashika ukipanda juu ya tangi la maji, na mimi kwa umri huu sipandi tangi. Ndiyo maana naandika. Mdogo wangu anakusalimu sana, anasema anakukumbuka usiku na mchana.

Wifi yako.


2 Machi

Wifi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mikono tu imekauka kwa unga na joto la tanuri. Binti hajambo, amefaulu mtihani wa kwanza, anasema wa pili ndio wenye meno. Jirani yetu kinyozi anawasalimu. Kila asubuhi akija kununua mkate ananiuliza, "Fundi anarudi lini?" na mimi namuuliza anataka mkate mkubwa au mdogo.

Nimefurahi amefika salama. Nimefurahi pia na huyo Shangazi, ingawa nimelala nikimwona Fundi juu ya farasi, na mtu asiyeweza kuvuka sebule sijui anapanda farasi vipi. Nyinyi huko mnajua.

Naomba nikwambie jambo ambalo yeye hajakwambia, maana namjua. Hakuja kwako kwa ajili ya sikio. Alikuja kwa ajili ya ile harusi ya jirani. Tulikuwa tumesimama kumpongeza bibi harusi, nikahisi mkono wake umeniponyoka, nikageuka, yupo chini katikati ya viti. Mtu hajawahi kuonja pombe maisha yake yote, wifi, nikasikia kijana nyuma anasema, "Mzee ameanza mapema." Watu wakacheka. Nilipotaka kumwinua akautoa mkono wangu. Tangu hapo hakutaka nitembee naye. Akawa anatoka nikiwa kazini. Siku moja nikarudi nikakuta ameandika kwenye mfuko wa unga: nimekwenda kwa dada.

Sasa na mimi nina langu. Tajiri wangu anafungua tanuri lingine, mji mwingine, mbali, na anataka niwe msimamizi. Anataka jibu mwisho wa Mei. Nikikubali, nyumba hii narudisha kwa mwenyewe, kwa sababu siwezi kulipia nyumba ya kulala vumbi. Nikijua Fundi anarudi kwangu, nakaa. Nisipojua, nakwenda. Ni hilo tu. Mwambie aniandikie kwa mkono wake.

Wifi yako.


21 Machi

Wifi yangu,

Mungu ni mwema, barua yako imefika ikiwa na alama ya unga pembeni, nikainusa kama mjinga. Hongera kwa binti. Mafua yalinikamata juma zima, sasa yameniachia. Paka wa bandani amezaa ndani ya kapu langu la nyuzi, kwa hiyo sishoni mpaka huyo mama mwenye nyumba aamue kuhama.

Sasa nikusimulie. Asubuhi tunakwenda uwanjani kabla wanafunzi hawajaja. Ukungu unakuwa umekaa chini, miguu ya Shangazi haionekani, anakuja kama mgongo unaoelea wenyewe. Mdogo wangu anapanda kwenye jiwe, kutoka jiwe anajilaza juu yake kama gunia, halafu anavusha mguu. Mimi nashika kamba. Kapteni anakaa kwenye uzio na kijiti chake.

Siku za kwanza alibana magoti kama anayekata mti kwa mapaja. Na Shangazi akibanwa anaelewa aende upesi, basi akiogopa anabana, akibana farasi anakimbia, akikimbia anaogopa zaidi. Kapteni anasema, "Mjomba, hujakaa kwenye ngazi. Hiyo ngazi ina mapafu. Yasikilize." Akamfunga macho kwa kitambaa. Akamwuliza, "Mguu gani wa mbele unakwenda?" Mdogo wangu akajibu, "Kushoto." "Sasa?" "Kulia." Bila kuona, wifi. Anasema bila tandiko unausikia kila mguu unapita chini ya nyonga zako, kushoto, kulia, kama vile ni wewe unatembea, ila umeazimwa miguu ya mtu ambaye hajawahi kuanguka. Anasema joto lake linapanda mpaka kifuani. Siku moja alilala juu yake, kichwa shingoni, na farasi akawa anatembea polepole sana, masikio nyuma, kama mtu aliyebeba bakuli limejaa. Tulizunguka hivyo mpaka ukungu ukaisha. Sijui kama nilikuwa macho mimi mwenyewe.

Na nikuchekeshe. Mimi nikiongoza huwa naomba kwa sauti, maana sina kazi nyingine ya mdomo. Kila nikisema "Amina", Shangazi anasimama. Nikasema, jamani, farasi huyu ameokoka. Nikawaambia mpaka wapishi. Nikawa naomba maombi mafupi ili asimame mara nyingi. Kapteni akaniacha nitangaze siku kadhaa, ndipo akaniambia, "Mama, huyo haombi. Mjomba naye anasema Amina moyoni, akisema anashusha pumzi, akishusha pumzi mwili wake unakaa mzito. Farasi anasikia uzito, anasimama." Niliona aibu kidogo. Lakini niliwaza, hata hivyo ni Amina.

Mdogo wangu anakusalimu mno. Anasema moyo wake unakuelekea wewe kama ua linavyolielekea jua, na usihangaike na mambo ya huyo tajiri. Mkono wake haujatulia vizuri kwa kalamu, ndiyo maana naandika mimi.

Wifi yako.


19 Aprili

Wifi,

Salamu. Sisi wazima. Binti amefanya mtihani wa pili, majibu bado. Nimechelewa kukujibu kwa makusudi, kwa sababu ningejibu siku ile ile ningeandika vibaya.

Nimeishi na mdogo wako miaka mingi kuliko niliyoishi kwa mama yangu. Siku ya harusi yetu, mbele ya watu wote, aliponisogelea sikioni nikadhani sasa naambiwa neno, akaniambia kisigino cha kiatu changu kina vumbi. Akainama akakifuta. Huyo ndiye mwanamume niliyeolewa naye, na sikuwahi kulalamika. Sasa leo naambiwa ananielekea kama ua. Ua gani, wifi? Fundi hajui jina la ua hata moja, anajua rangi zake tu.

Hayo ni maneno yako. Na yale ya usiku na mchana ni yako pia. Najua unanipenda, na najua wewe ndiye uliyekuwa unamsemea tangu mkiwa watoto, mama mkwe alinisimulia: akiulizwa yeye kama ameshiba, unajibu wewe. Hata alipokuja kunichumbia, wewe ndiye uliyeongea, yeye alihesabu nyufa za dari yetu. Nilimpenda hivyo hivyo. Lakini sasa nachagua kama nitabaki na nyumba au nitaivunja, na siwezi kuchagua kwa maneno ya mtu mwingine, hata awe wewe.

Usiniandikie tena anasemaje. Kama hasemi, niandikie kwamba hasemi. Hiyo nitaiweza.

Wifi yako.


8 Mei

Wifi yangu,

Nakusalimu. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya ndoo, nikaisoma tena, halafu nikamwomba Mungu anisamehe, na sasa nakuomba wewe. Ni kweli. Hakusema hata neno moja kati ya yale. Nilikuwa namuuliza, "Nimwambie nini wifi?" na yeye anatazama dirisha, na mimi naona uchungu kutuma karatasi isiyo na kitu, basi naweka. Kama ninavyoweka chumvi kwenye chakula cha mtu bila kumuuliza.

Basi nakwambia kama ilivyo. Hasemi. Sijui kama anarudi. Nilimsomea barua yako ya Machi yote, mpaka habari ya harusi na ya tajiri. Alitoka nje. Nilimkuta bandani ameegemea Shangazi, uso umezama kwenye manyoya ya shingo. Nikarudi.

Lakini kuna jambo la juma lililopita. Tulikuwa uwanjani, mimi na kamba yangu, naongea na farasi kama kawaida, "Haya mama, geuka, taratibu, hapo hapo." Kapteni akashuka kwenye uzio. Akaniuliza, "Mama, amepanda nani?"

"Mdogo wangu."

"Mbona masikio ya Shangazi yako kwako?"

Nikatazama. Kweli, wifi, masikio yote mawili yamenielekea mimi. Kapteni akasema, "Huyu mzee yuko juu ya farasi tangu Februari na farasi hajawahi kuongea naye. Anaongea na wewe. Fungua kamba."

Nikasema ataanguka. Kapteni akasema, "Aanguke. Mchanga ni laini." Nikamtazama mdogo wangu nikitegemea akatae. Akasema, "Fungua, dada."

Nilifungua. Ndoano ya kamba ilinishinda mara mbili. Kisha nikakaa kwenye uzio nimeziba mdomo. Shangazi alisimama tu. Alinitazama mimi, akamtazama Kapteni, akangoja. Tulimwacha. Sijawahi kunyamaza vile, hata msibani. Ndipo sikio moja likageuka nyuma, kwake. Sikujua mdogo wangu amemfanyia nini, sikuona kitu. Shangazi akaanza kutembea.

Walikwenda mpaka mwisho wa uwanja, mahali pa miti, ukungu ukawafunika. Nilisikia kwato tu, zinakwenda, zinapungua, zinakuja upande mwingine, kama mtu anayetembea ndani ya ndoto yangu mimi. Kuna wakati sikusikia kitu kabisa. Walipotoka nilimwona amekaa wima, mikono imelala mapajani, hajashika hata unywele. Anatazama mbele kabisa, juu ya vichwa vyetu. Mdogo wangu ambaye kwa miezi hii yote alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Na alianguka, ndiyo. Baadaye, wakati wa kugeuka. Aliteleza pembeni polepole kama blanketi. Nilikuwa nimeshasimama, Kapteni akanishika kanga. Alikaa mchangani. Shangazi akarudi akasimama juu yake, akampulizia kichwani. Na yeye akacheka, wifi. Nilikuwa nimeisahau sauti hiyo. Akainuka mwenyewe kwa kushika mguu wa farasi, akasema, "Hakuna aliyesema nimelewa."

Hayo ndiyo maneno yake ya kweli, ya mwezi mzima, nakutumia yalivyo.

Nilimpa karatasi na kalamu. Zipo mezani. Karatasi bado nyeupe.

Wifi yako anayekuomba radhi.


20 Mei

Wifi,

Nimekusamehe siku nyingi. Hii ndiyo barua yako ya kwanza niliyoiamini yote, na ndiyo iliyonitesa zaidi.

Binti amefaulu. Kinyozi ameacha kuniuliza.

Tajiri anasubiri. Nimeshaomba maboksi dukani, yako ukumbini, bado sijafungasha kitu. Sina la kuongeza. Usimsukume. Nataka ajue hivyo, na wewe ujue hivyo: usimsukume.

Wifi yako.


27 Mei

Wifi yangu,

Salamu na sala. Hongera kwa binti, nimepiga magoti kwa ajili yake. Watoto wa paka wamefungua macho. Mablanketi yote nimemaliza.

Mdogo wangu ameondoka leo asubuhi. Alikwenda kwanza bandani, akakaa huko muda. Kisha akaja na mfuko wake, akasema, "Dada, mimi natoka." Nikafungua mdomo nimuulize anakwenda wapi, kwako au kwingine, na nimpe maneno ya kubeba, nilikuwa nayo tayari, mazuri sana. Nikaufunga. Nilimwuliza tu kama nimsindikize kituoni. Akasema hapana.

Nilisimama mlangoni. Uwanja wetu ni mpana, unaujua kwa kusimuliwa. Hakupita ukutani. Alipita katikati. Kuna mahali aliyumba, akasimama, akashusha mabega, akangoja, akaendelea. Shangazi alikuwa ametoa kichwa juu ya mlango wa banda, tukawa tunamtazama wawili mpaka akapotea barabarani.

Ile karatasi mezani bado nyeupe. Sijui alikokwenda, wifi. Sitakudanganya tena kwa kukupa tumaini ambalo si lake. Mimi naomba tu, na leo naomba kimya kimya.

Wifi yako.


5 Juni

Wifi yangu mkubwa,

Salamu za upendo kutoka kwetu. Kwetu, nimeandika. Barua yako imefika jana, na yeye aliitangulia.

Nilikuwa dukani, asubuhi, mikate ya kwanza imetoka na foleni imefika nje. Nahudumia bila kuinua uso, unajua wakati ule. Nikasikia kinyozi anasema, "Fundi! Pita mbele bwana, wewe ni mwenyeji." Na sauti ikajibu, "Niko kwenye foleni."

Mikono yangu iliendelea kufunga mikate ya watu. Sijui niliwafungia nini. Nilimwona kwa pembe ya jicho: hajashika ukuta, hajashika mtu, wakisogea anasogea. Aliyekuwa mbele yake akainama kuokota sarafu, akamgonga, Fundi akayumba. Nilitaka kuruka meza. Sikuruka. Akashusha pumzi, akatulia.

Akafika. Nikamwuliza, "Nikupe nini?" Maana nilikuwa sina swali lingine.

Akanyamaza. Nyuma watu wakaanza, "Mzee, tunachelewa kazini." Akaendelea kunyamaza, ananitazama usoni, si mezani, si darini. Na mimi sikumsaidia. Nilikuwa na maneno kumi ya kumpa, wifi, hapo ndipo nilikuelewa wewe. Nikayameza yote kumi.

Ndipo akasema. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, mbele ya foleni nzima, na hayakuwa machache. Yule aliyekuwa analalamika alivua kofia.

Tajiri nimemjibu kwamba sihami. Maboksi amechukua kinyozi. Fundi bado anayumba jioni akichoka, na tukitoka natembea upande wake bila kumshika. Akitaka mkono anasema. Ameanza kazi ya rangi, ukuta wa chini tu, juu anamwachia mwenzake.

Sasa najua unasoma mstari kwa mstari unatafuta alisema nini. Hayapo humu. Kinyozi aliyasikia na nimemwapisha. Mwenyewe ukimuuliza atakwambia akitaka, kwa mdomo wake. Haya ni ya kwangu, wifi, ya kwanza tangu niolewe, na sikupi hata moja.

Ungua kidogo kwa hamu. Kisha niandikie habari zako wewe, maana katika barua zote hizi sijazisoma.

Wifi yako.